Nilikwenda Dukani na Sufuria

Uliponioa, watu wa Mpwapwa walisema umepata jiko.
Nikacheka nao, ukucha wangu ukikwaruza mkeka.
Miaka kumi na tisa jiko hilo limeinamia jiko la mkaa,
limepuliza na mafiga ya mama yako
nyuma ya nyumba, hapa Nkuhungu,
upepo wa Julai ukitufuata na moshi
kila tulipohamisha kigoda.

Mwaka huu tulipovunja kikoba
nikasema: jiko nalo linataka jiko.

Ulidhani ni fumbo.
Nikachukua uzi wa kushonea, nikapima mlango,
mwimo hadi mwimo, nikapiga fundo.
Nikapima ukuta wa dirishani, fundo la pili.
Nikabeba sufuria kubwa, ile ya misiba na mahafali,
na mwiko wake,
nikapanda bajaji hadi Barabara ya Saba.

Kijana wa duka akanionyesha kioo,
taa ya ndani, saa inayolia kama kifaranga.
"Hili la umeme mtupu, mama, unagusa tu."
Na LUKU nayo niiguse tu?
Nikatua sufuria juu ya plate.
Ikakaa kama mtu mzima kwenye kiti cha chekechea.
Wateja wakageuka. Nikazamisha mwiko, nikasonga hewa,
nikasonga kweli, kwa bega,
kijana kajiziba mdomo.
Jiko la pili likatetemeka miguu.
La tatu likatembea.
La nne likatulia, likanitazama.

Hilo.
Plate sita, ya katikati pana kama ungo wa mtoto,
vyuma vizito vya kubeba chungu,
oveni ya gesi, mlango wake unashuka taratibu
kama mzee anayekaa.

Fundo la kwanza lilikwishasema halitapita.
Ukang'oa mlango na fremu yake, Lechipya,
ukaapa kwa Kigogo maneno nisiyoyaandika hapa,
na vumbi la tofali likaingia hadi kwenye chumvi.

Mama yako alikuja kulitazama siku ya tatu.
Alilizunguka kama anayenunua ng'ombe,
akafungua oveni, akanusa.
"Mdomo mkubwa hivi unakula nini?"
Gesi, mama. Mtungi wa kilo thelathini na nane.
"Na nani anaulisha?"
Ukakohoa. Mimi nikafuta plate iliyokuwa safi.

Mkate wa kwanza uliungua kulia, kushoto mbichi.
Sasa najua: dakika ya ishirini geuza trei,
na upepo ukivuma funga dirisha nusu,
la sivyo moto mdogo unazimika kimya
na pua ndiyo inayokuja kukuambia.

Kisha ile Jumapili, wadogo zako wote na watoto wao,
ugali wa uwele wa watu kumi na wanne.
Ulipoanza kukaza, sufuria ikaanza kuzunguka.
Mwiko unakwenda, sufuria nayo inakwenda.
Kwenye mafiga mama yako angeibana kwa mti na unyayo;
huku juu hakuna pa kukanyaga.
Nikaita watoto. Televisheni ikaitika.

Ukaja wewe.
Ukakunja vitambaa viwili, ukashika ukingo,
ukashika kama mtu anayezuia mlango wakati wa dhoruba.
Miaka kumi na tisa hukuwahi kuuona ugali ungali uji.
Jasho lako likadondoka kwenye chuma, likalia.
"Kumbe huwa mzito hivi?"
Sikukujibu. Nilikuwa nasonga.

Mama Nyemo alisimama pale penye mlango usio na mlango,
akatutazama, wewe na mimi na moto katikati,
akaenda zake nyuma kuchochea mafiga.
Mlenda, alisema, haujui gesi.

Moshi wake ukapenya dirishani,
ukapita juu ya plate sita, moja moja,
kama mgeni anayehesabu viti.